Mtoto Si Mzigo wa Kuachwa Mlangoni

Ipo mikahawa London inayokupokea kwa bashasha ukiwa peke yako, ikakupokea kwa bashasha zaidi mkiwa wawili, kisha ikakosa maneno mkiwa watatu na wa tatu amebebwa mgongoni. Mingine huandika sharti lake waziwazi pale unaposhika nafasi: watoto walio chini ya umri fulani hawapokelewi, au hawapokelewi baada ya saa moja jioni. Mingine haiandiki lolote. Inakuambia tu kwamba viti virefu vya watoto vimekwisha, kwamba kigari hakina pa kuwekwa, kwamba meza iliyobaki ni ile iliyo karibu na choo. Mwenye masikio ameshasikia.

Makala haya yanaupinga mlango huo. Yanapinga pia jambo la pili, linalofanana na la kwanza kuliko tunavyopenda kukiri: simu tunayomsimamishia mtoto mbele ya sahani ili anyamaze. Mkahawa humtoa mtoto mezani kwa kumzuia kuingia. Sisi humtoa akiwa amekaa. Kwa watu ambao lugha yao haisikiki darasani wala madukani katika jiji wanamoishi, meza ni mojawapo ya madarasa machache yaliyosalia. Anayemtoa mtoto mezani amemtoa katika Kiswahili.

Tuanze na sheria, maana wengi wetu hudhani kwamba sheria ya nchi hii inamlinda mtoto mahali popote. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamkataza mtoa huduma kumbagua mteja kwa rangi, dini, jinsia, ulemavu na mambo mengine kadhaa, na tangu Oktoba 2012 inamkataza pia kumbagua kwa sababu ya umri. Lakini katika utoaji wa huduma, ulinzi wa umri ni wa waliotimiza miaka 18 tu. Mkahawa ukimkataa mzee wa miaka 80 kwa sababu ya uzee wake, utatakiwa kujieleza. Ukimkataa mtoto wa miaka 3 kwa sababu ya utoto wake, kifungu hicho hakina la kuuambia. Mama anayenyonyesha analindwa. Hairuhusiwi kumwondoa kwa sababu ananyonyesha. Hata hivyo, ulinzi huo ni wa mama. Mtoto hunufaika nao akiwa kifuani, na akishaachishwa ziwa hana tena kivuli cha kujikinga.

Zamani palikuwa na katazo la namna nyingine. Sheria ya Watoto ya mwaka 1908 ilikataza watoto walio chini ya miaka 14 kukaa katika baa za vilabu vya pombe. Mtu anaweza kulibishia katazo lile, lakini nia yake ilieleweka: mtoto alikuwa akilindwa dhidi ya mahali. Katazo la siku hizi limegeuka kichwa chini miguu juu. Sasa mahali ndipo panapolindwa dhidi ya mtoto.

London haiko peke yake. Korea ya Kusini ina jina maalumu la mahali pa namna hii, maeneo yasiyotaka watoto, na katika mwaka 2017 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo iliamua kwamba mkahawa mmoja wa kisiwa cha Jeju, uliowakataa watoto wasiofikia miaka 13, ulikuwa umebagua. Hoja yenye uzito katika mambo kama haya ni nyepesi kuieleza: mwenye kufanya fujo aambiwe kwa fujo yake, wala asihukumiwe kwa tarehe yake ya kuzaliwa kabla hajafungua kinywa.

Mpinzani wangu wa kwanza ni mteja wa meza ya pili. Anasema: nimelipa ili nile kwa utulivu, na kilio cha mtoto kimenivunjia jioni yangu. Simdharau. Kilio cha mtoto mchovu kinachoma masikio, na mzazi anayekaa akitazama menyu huku mwanawe akipiga meza kwa kijiko anastahili kuambiwa. Lakini tusikilize mikahawa hii vizuri siku ya Ijumaa usiku. Wako watu wazima wanaocheka kwa sauti ya kupasua kuta baada ya chupa ya tatu ya mvinyo. Yuko bwana anayezungumza na simu kana kwamba sote tumealikwa katika biashara yake. Hakuna mkahawa ulioandika mlangoni kwamba wafanyakazi wa benki hawapokelewi baada ya saa moja jioni. Wao huombwa, mmoja mmoja, wapunguze sauti. Adabu tunayowapa walevi, kwa nini tuwanyime watoto?

Mpinzani wa pili ni mwenye mkahawa, anayesema kwamba mali ni yake. Mali ni yake, naam, lakini akishaufungua mlango kwa umma ameshakubali kwamba hatachagua nyuso, na sheria imekwisha kumwekea mipaka mingi. Mikahawa michache inayopakua vyakula kumi na viwili kwa muda wa saa tatu haihitaji katazo lolote. Mzazi mwenye akili hampeleki mtoto wa miaka miwili mahali ambapo kusubiri ndiyo starehe yenyewe. Katazo halimzuii mzazi asiye na akili peke yake. Linamzuia pia yule aliyemfunza mwanawe kukaa, akamwogesha, akamvisha, akapanda naye basi mbili.

Mpinzani wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi, naye ni mhudumu. Ndiye anayeinama kuokota wali chini ya kiti saa tano usiku, na mara nyingi ni mhamiaji kama sisi. Pengine ni dada yetu. Kumwambia yeye kwamba mtoto ni baraka ni maneno ya rahisi. Jibu langu kwake ni la vitendo. Mzazi aokote kilichoanguka kabla ya kuondoka. Afute meza kwa kitambaa alichokuja nacho. Na asiitoe katika bili ada ya huduma, ambayo London kwa kawaida ni asilimia 12.5 hivi, kwa kisingizio kwamba tajiri ndiye atakayeila. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamlazimisha mwajiri kuwagawia wafanyakazi bahashishi na ada hizo zote. Ukimletea mhudumu kazi ya ziada, mlipe. Hilo ni deni la mzazi, wala halimhusu mtoto.

Wapo wenzetu watakaonijibu kwa methali: ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Waingereza, wanasema, wana mila yao ya kwamba mtoto aonekane asisikike, na sisi ni wageni. Nawauliza: chongo la nani? Mtu na apande treni hadi Southall, atembee Green Street huko Newham, apite Edgware Road saa nne usiku, au aingie katika mikahawa ya Kituruki ya Green Lanes. Atawakuta akina bibi na wajukuu kwenye meza moja, na mtoto amelala juu ya viti viwili vilivyounganishwa huku maongezi yakiendelea juu ya kichwa chake. Hiyo nayo ni London. Mkahawa wa Brilliant wa Southall ulifunguliwa mwaka 1975, na Madhu's ukafuata mwaka 1980, yote miwili ikianzishwa na ukoo uliotoka Nairobi. Katika mitaa ya Wembley na Harrow neno letu muhogo limo katika menyu hadi leo, limefupishwa likawa mogo. Watu waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na wenzao waliotoka Kenya walikuja na namna yao ya kukaa mezani, wala hawakuomba ruhusa ya mtu. Watoto wao walikula hapo, wakakua hapo, na baadhi yao leo ndio wenye mikahawa.

Hata Uingereza yenyewe haina sauti moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilifungua mikahawa ya umma iliyoitwa British Restaurants, na kufikia mwaka 1943 ilikuwa zaidi ya 2,000. Yeyote aliyekuja na senti zake alipakuliwa. Tangu Septemba 2023 Meya Sadiq Khan amekuwa akigharimia chakula cha mchana cha bure kwa watoto wote wa shule za msingi za serikali za London. Jiji hilihili linalokubali mchana kwamba kumlisha mtoto ni wajibu wa wote linawezaje kumtazama jioni kama panya aliyeingia ghalani?

Nisije nikaambiwa naipamba pwani. Kwetu kula hotelini halikuwa jambo la familia. Kwa wazee wengi, mtu wa kula hotelini alikuwa msafiri au kapera, na mwanamke mwenye heshima zake hakuonekana huko, seuze na watoto. Nyumbani nako wanaume walikula barazani, wanawake na watoto wakala ndani. Wako watakaosema kwamba basi hata sisi tuliwatenga watoto. Hoja hii haisimami. Mtoto alikula na watu. Alikaa kwenye mkeka mmoja na mama, shangazi na bibi, akanyoosha mkono katika sinia lilelile, akakaripiwa alipovuka mpaka wa mbele yake, na mkubwa akamsogezea kipande cha samaki kilichotolewa miiba. Wageni walipofika, yeye ndiye aliyepewa birika na tasa awanawishe mikono. Kazi hiyo ndogo ilimsimamisha mbele ya kila mgeni, mmoja baada ya mmoja. Akaamkia, akaulizwa jina, akajibu. Huyo hakutengwa. Huyo alikuwa akifundishwa hadhara.

Na siku hizi mtu akienda Forodhani, Unguja, jioni, ataona familia nzima zimekaa kwenye kuta na nyasi, watoto wakiwa na bilauri za maji ya miwa na vidole vyenye mafuta. Wanapita katikati ya watalii na wauzaji, wanaitwa, wanakaripiwa, wanarudi. Hakuna anayeuliza kama wanaruhusiwa.

Sasa turudi London, kwetu sisi wenyewe. Nyumba zetu ni ndogo. Ukoo ambao Mombasa ungejaa ua mmoja umetawanyika Barking, Wembley, Croydon na Milton Keynes. Hakuna sebule ya kuwatosha watu ishirini na watano. Kwa hiyo Idi, akika, kumpokea mgeni kutoka nyumbani, hata kuagana na anayerudi, yote haya tunazidi kuyafanya mkahawani. Ndiko mtoto anakomwona babu mdogo anayemwona mara mbili kwa mwaka. Ndiko anakosikia Kimvita cha huyu na Kiunguja cha yule vikigongana juu ya sahani ya mishikaki. Mlango ukifungwa hapo, au mtoto akiwa ndani na masikio yake yako kwingine, hakuna mahali pengine patakapoziba pengo.

Ndiyo maana naiona simu kuwa mlango wa pili. Tumezoea: chakula hakijaagizwa, simu imeshaegemezwa kwenye glasi, na mtoto amefunguliwa kinywa akilishwa kijiko bila kujua anakula nini. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Lakini hoja yangu ni nyingine. Simu ile haizungumzi Kiswahili. Katika saa ambayo lugha yetu inasemwa na watu ishirini kwa mkupuo, mtoto wetu anasikiliza katuni za Kiingereza. Kisha tunakutana katika makongamano tukilalamika kwamba kizazi cha pili kinaelewa lakini hakisemi.

Wanaofundisha Kiswahili wanajua jinsi ngeli zinavyowatesa wanafunzi watu wazima. Mtoto aliyekaa mezani hazisomi, anazimwaga. Maji yamemwagika. Wali umemwagika. Chai imemwagika. Kijiko kimeanguka. Uma umeanguka, uokote. Ndani ya robo saa amepita katika upatanisho ambao mwanafunzi wa chuo kikuu huutolea jasho kwa muhula mzima, tena ameupata ukiwa na sababu, kwa kuwa kitu kimemwagika kwelikweli na mtu amekitaja. Hapo pia anajifunza kuomba: naomba uniongezee, nimeshiba, ahsante. Anajifunza kumkaribisha anayepita hata kama hatakaa. Anajifunza kwamba shikamoo haitolewi kinywa kikiwa kimejaa. Haya hayapo katika programu yoyote ya simu, maana yanataka shangazi wa kukukazia macho.

Fasihi yetu inajua uzito wa mzazi kumkabili mtoto na kumsemesha. Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa mwaka 1858 hivi, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha ambao bado tunausoma. Shaaban Robert naye aliwatungia watoto wake tenzi za adili. Hawa hawakuandika juu ya watoto. Waliandika kwa watoto, wakiwaona kuwa wasikilizaji wanaostahili maneno mazito. Sisi tunaohariri tenzi hizo na kuzifundisha tunawapa wetu kishikwambi. Msomaji asome tena sentensi hiyo, kisha aseme kama nimezidisha.

Nawatoa katika lawama hii wazazi wa watoto wenye usonji au mahitaji mengine, ambao kwao skrini au vizuia kelele vya masikioni ndivyo vinavyomwezesha mtoto kukaa kati ya watu. Kwao chombo hicho ni daraja la kuifikia meza. Hao ndio wanaoumizwa zaidi na macho ya wateja, na wengi wao wameamua kutotoka kabisa. Kama kuna mtu anayestahili mlango upanuliwe, ni wao.

Uko pia utengano mdogo unaoitwa ukarimu, nao ni menyu ya watoto. Watu wazima wanaletewa samaki wa kupaka. Mtoto anapewa chipsi na vipande vya kuku wa kukaanga, pamoja na kalamu za rangi, kana kwamba ulimi wake haujazaliwa. Mtoto aliyekulia ukwaju, nazi na bizari hufika mkahawani akafundishwa kwamba chakula cha wazazi wake si chake. Nusu sahani ya kilekile wanachokula wakubwa, kwa nusu ya bei, ingetosha.

Na kabla hatujawashitaki Waingereza, tuzitazame kadi zetu za arusi. Siku hizi kadi inafika ikiwa na majina ya bwana na bibi arusi, jina la ukumbi, na mstari wa mwisho kwa herufi nzito: watoto hawaruhusiwi. Najua sababu: ukumbi unatozwa kwa kichwa, na sahani moja ni pauni nyingi. Lakini arusi ya Kiswahili isiyo na watoto ni sherehe ya watu wanaojitangazia mwisho. Ni nani atakayejua, miaka thelathini ijayo, jinsi vugo lilivyopigwa, kama hakuwapo chini ya meza akichungulia?

Ninachodai si kikubwa. Bunge liondoe ule mpaka wa miaka 18 katika huduma, ili mkahawa unaomkataa mtoto kwa utoto wake utakiwe kutoa sababu kama unavyotakiwa kwa mzee. Sababu njema zitasikilizwa, visingizio vitaonekana. Wenye mikahawa, na kwanza wale wa kwetu, waweke kiti kirefu, waweke pa kubadilishia nepi hata katika choo cha wanaume, na wamwonye mwenye fujo bila kumuuliza umri. Sisi wazazi tufike mapema kabla ya usingizi kumzidi mtoto, tumtoe nje alie huko pale anapolemewa, tuokote wali wetu, tulipe ada. Simu ziwekwe mkobani, za watoto na za wakubwa, maana mtoto huiga anachokiona.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na sehemu ya kazi hiyo hufanyika mbele ya watu. Adabu ya hadharani haifundishiki faraghani, kama kuogelea kusivyofundishika mchangani. Mtoto tunayemficha leo ili asituaibishe atatoka siku moja akiwa mtu mzima, ataketi kwenye meza ya wazee wake, nasi tutashangaa kwamba hana la kuwaambia wala lugha ya kulisemea.